Darasa la vichekesho vya papo kwa papo pale Njiro: ticha mkali, tangazo lina chumvi nyingi

Kuna watu wameniuliza kuhusu lile darasa la kuigiza vichekesho vya papo kwa papo linalofanyika jumamosi kule Njiro hapa Arusha, kama ni la kweli au ni wale wale wa kukusanya hela wakapotea, sasa naandika hapa mara moja kila mtu asome. Jina la waandaaji silitaji kwa sababu nina malalamiko na mji wenyewe mdogo huu tunakutana kila siku, ila ambao mmeona mabango yao mnawajua. Jibu fupi ni lipia. Jibu refu ni lipia ila usiamini bango.

Bango linasema utakuwa mchekeshaji wa kulipwa ndani ya wiki sita. Lina picha ya jamaa kavaa suti ameshika maiki anacheka peke yake. Aisee wiki sita hata kuendesha gari hujaiva, hata hao wenye majina makubwa duniani hakuna aliyetoka kwa wiki sita, na cha kuchekesha ni kwamba ticha wao mwenyewe siku ya kwanza alisimama akasema hilo bango hakuliandika yeye na kama kuna mtu amekuja kwa sababu ya hilo bango aende akadai hela yake pale mezani kabla chai haijamiminwa. Hakuna aliyeondoka. Nadhani hapo ndo alitukamata.

Ada ni laki na ishirini kwa jumamosi sita, saa nne asubuhi mpaka saa saba na nusu, chai na maandazi mawili yamo humo humo. Mwisho kuna shoo mnafanya mbele za watu, kiingilio elfu kumi.

Kwa ambao hawaelewi hiki kitu ni nini, haya ni maigizo ya kuchekesha yasiyo na skripti kabisa, mnapanda jukwaani mikono mitupu, mnaomba watazamaji wawape sehemu au uhusiano, mtu anapiga kelele "saluni!" mwingine "mtu na mkwe wake!" na mnaanza hapo hapo. Stand up ni kitu kingine, kule mtu anakuja na maneno yake ameyaandika ameyafanyia mazoezi. Huku hujui hata wewe ni nani mpaka mwenzako akuite baba mkwe.

Sasa ticha. Huyu ndo sababu ya kulipia, na maisha yake ya kazi ndo yalinifundisha kuliko hata michezo yenyewe. Ni kaka wa arobaini na kitu, kwao Moshi, alianza na maigizo ya krismasi kanisani, baadae akaingia kwenye vikundi vya sanaa shirikishi vile vinavyozunguka vijijini kuigiza habari za ukimwi na maji safi, mnaigiza nusu alafu mnasimamisha mnawauliza wanakijiji huyu mama afanye nini sasa, na mwanakijiji anaingia mwenyewe anaekti. Hiyo ni shule ya papo kwa papo tosha, na ina mizizi hapa kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 80 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akina Penina Mlama walishaipeleka hiyo kazi vijijini, Malya kule Mwanza ni mfano unaotajwa sana. Baada ya hapo ticha akaandikia redio michezo mifupi, akakaa Nairobi miaka kadhaa na kikundi, akarudi akawa MC, na sasa anaandika vipindi vya vichekesho vya TV ambavyo jina lake linapita mwishoni haraka haraka wakati wewe umeshabadilisha chaneli.

Mama mmoja akamuuliza wazi wazi, mwanangu hii kazi inalipa? Akajibu bila aibu. Jukwaani napata jina tu mama yangu, kodi ya nyumba inatoka kwenye harusi, ada ya watoto inatoka kwenye kuandika na kufundisha wafanyakazi wa mahoteli jinsi ya kuongea na wateja, na hilo jukwaa lenyewe mara nyingi linakula hela yangu ya bodaboda.

Na hii sio shida ya Bongo tu. Alitupa mifano ya Chicago huko Marekani ambako hii kitu ndo imefanywa kuwa fani kabisa, kuna ukumbi unaitwa The Second City ulifunguliwa Desemba 1959 na mpaka leo upo, humo wamepita watu kibao wa TV za Marekani. Stephen Colbert, huyu aliyejulikana kwa kipindi cha usiku cha TV, pale alianza kwa kupokea simu na kuuza vizawadi, kwa sababu wafanyakazi walikuwa wanasoma bure, na alipopanda jukwaani akawa mtu wa akiba wa Steve Carell, yaani Carell asipokuwepo ndo aingie. Tina Fey naye alikuwa anakaa mapokezi ya YMCA alfajiri ili jioni aende darasani. Mwaka 1997 Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho cha TV ya Marekani, wakamchukua, wakamchukua kama mwandishi, 1999 akawa mkuu wa waandishi, mwanamke wa kwanza kukalia hicho kiti, na sura yake ikaanza kuonekana kwenye hicho kipindi baada ya hapo. Kwa hiyo hata kule mwigizaji anayekula vizuri ni yule anayejua na kuandika. Hii pointi ishikeni maana ndo nitaigeukia kwenye malalamiko.

Wanafunzi tulikuwa mchanganyiko wa ajabu. Waongoza watalii watatu, maana ilikuwa masika wageni wamepungua kazi hakuna, MC mmoja kijana wa Sakina, mwalimu wa sekondari mama wa makamo, dada wa duka la simu pale Stendi Ndogo, wanachuo wawili watatu wenye kelele, na Mjerumani mmoja wa kujitolea ambaye kiswahili chake ni cha kuombea chumvi. Nikasema huyu mzungu atatuharibia. Kumbe michezo mingi ya hii fani ilitungwa kwa ajili ya watu wa aina hiyo hiyo, ticha alitueleza kuhusu mama mmoja wa Chicago Viola Spolin, alikuwa anafanya kazi na watoto wa wahamiaji waliotoka nchi tofauti hawaelewani lugha, akawatungia michezo ya kuigiza ya kupasiana kitu kisichokuwepo, kutembea kama una mzigo, vitu kama hivyo, na mtoto wake Paul Sills ndo alikuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa The Second City. Basi Mjerumani tukampa gunia la hewa abebe, na alivyolibeba, aisee, kila mtu aliona ni la mahindi na limetoboka.

Siku iliyonimaliza ni ya ukubwa na udogo. Kuna Mwingereza aliitwa Keith Johnstone, alikuwa Royal Court Theatre ya London alafu akahamia Kanada, Calgary, ndo yeye aliyeanzisha mashindano ya maigizo ya papo kwa papo Theatresports 1977, na alikuwa anafundisha kwamba watu wawili wakikutana popote lazima mmoja anajipandisha au anajishusha, hata wakinyamaza, na kichekesho kikubwa kinatoka pale ngazi inapogeuka. Ticha alivyotueleza tukawa tunatikisa vichwa tu. Akaona hatujaelewa. Akamsimamisha mwanachuo mmoja akampa ubosi, ofisi kubwa, kiti cha kuzunguka, na yule mama mwalimu akampa aombe kazi ya usafi.

Mama akagonga mlango. Kijana amekaa, mguu juu ya meza, anaangalia simu. Mama akaingia kashika bahasha kwa mikono miwili, ameinama kidogo. Kijana akainua macho ampe jeuri, akamwona mama wa umri wa mama yake amesimama mbele yake, na mdomo ukatoka wenyewe "shikamoo". Mguu ukashuka mezani. Mama kwa mazoea ya ualimu akajibu "marahaba" na akanyooka mgongo, alafu akavuta kiti akakaa, akamuuliza "umekula?" Kijana akasema bado mama. Hapo ukumbi ulikuwa umeshapasuka, watu wanapiga meza, Mjerumani anauliza nini nini, na bosi wa watu akawa anahojiwa yeye mwenyewe kwanini ofisi chafu. Ticha akasimamisha akauliza, kuna mtu amesema kichekesho hapa? Hakuna. Kuna salamu moja tu imetoka mahali ambapo haikutakiwa.

Mimi nimeangalia vichekesho maisha yangu yote na hicho kitu sikuwahi kukiona kikifunguliwa namna ile. Sasa hivi nikiangalia clip za King Majuto (Mungu amrehemu, alitutoka 2018) naona anachokifanya, anaingia na ukubwa wa mzee mwenye nyumba na dakika mbili baadae kashaporomoka mwenyewe na hajui. Na hapa nina neno na ticha. Chicago alitutajia sana, London na Kanada tukazijua, ila Majuto na akina Mzee Small mpaka watu waulize ndo anagusia. Wakati hapa kwetu vikundi kama Muungano na TOT enzi zile kwenye kumbi za Dar walikuwa wanatoa vichekesho katikati ya ngoma na sarakasi bila kuandika mstari hata mmoja, wanapanga kisa kwa mdomo, wanaingia. Orijino Komedi nao, tangu wakiwa Ze Comedy pale EATV mpaka wakahamia TBC, kina Joti, Masanja, Mpoki, kuna sehemu unaona kabisa mwenzake kamtupia kitu hakijapangwa na anabana kicheko. Ticha akasema ni kweli ataongeza. Sawa, tunasubiri.

Sheria ya kwanza ya hii kazi ni "ndiyo, na". Mwenzako akisema kitu jukwaani unakubali alafu unaongeza juu yake. Inaonekana rahisi ila sisi watu wa huku tuna ugonjwa wa "ndiyo, ila", na waongoza watalii ndo walikuwa wabaya zaidi maana wamezoea kumsahihisha mgeni, mtu anaekti kwamba ameona simba juu ya mti we unamwambia simba wa Manyara ndo wanapanda miti hawa sio wa Manyara. Sini, yaani kipande cha igizo, imekufa hapo hapo.

MC ndo alitupa somo la hii sheria. Alisimulia harusi moja Moshi, wageni wamekaa, ndafu (yule mbuzi mzima wa kuchoma) haijafika, pikap imekwama huko juu, na umeme umekatika. Ticha akasema hiyo hiyo tuiigize. Raundi ya kwanza MC alifanya anachofanya kila jumamosi, kumwaga vichekesho vyake vya bibi harusi na mama mkwe, kavimwaga vyote, vimeanguka vyote, sisi tunamwangalia. Raundi ya pili ticha akamwambia huruhusiwi kichekesho, uliza swali na utumie jibu utakalopewa. Basi akamgeukia mwenyekiti wa kamati, ambaye alikuwa dada wa duka la simu, akamuuliza mheshimiwa mwenyekiti ndafu yetu iko wapi. Dada akasema ndafu imefika ila imegoma kushuka kwenye gari. MC angesema "acha utani" ingeisha. Akasema imegoma? inadai nini? Dada akasema inadai mahari. Wacha weee. Ikabidi mjomba atumwe mshenga kwenda kuongea na mbuzi wa kuchoma, akarudi anasema amekataa kreti ya soda anataka mbege, ile pombe ya ndizi, tena ya Kibosho, na kwamba yeye hataki kukatwa na bwana harusi kwa sababu hajajitambulisha. Mjerumani ndo alikuwa ndafu. Amekaa kimya na majani mdomoni, serious kabisa.

Yule MC sijui kama amejijua ila alibadilika siku ile. Baadae kwenye chai akaniambia amekuwa akifanya kazi miaka mingi akiwa hasikilizi wageni, anasubiri zamu yake tu. Na ukifikiria vizuri kwa Arusha na Moshi mwigizaji wa papo kwa papo anayelipwa kila wiki ndo huyo huyo MC, jukwaa analo, watazamaji mia tatu anao, na hakuna skripti inayojua kwamba keki itadondoka.

Sasa malalamiko. La kwanza la kuandika.

Bango linasema "kuigiza na kuandika". Kuandika ni jumamosi moja tu, ya tano, na hiyo moja tulianza saa sita kasoro kwa sababu mwenye ufunguo wa ukumbi alikuwa hapatikani, kwa hiyo tulipata kama saa moja na nusu ya maana. Na ile saa moja na nusu ilikuwa tamu mno, ndo inaniuma. Ticha alituelezea jinsi The Second City wanavyotengeneza shoo zao, baada ya shoo ya kawaida wanacheza kipande cha papo kwa papo kwa maoni ya watazamaji, kilichofanya kazi wanakirudia kesho na keshokutwa, wanakata, wanakaza, mpaka kinakuwa sini iliyoshiba ya shoo inayofuata. Yaani jukwaa ndo daftari lao. Alikuwa ameirekodi ile ya ndafu kwenye simu, akatuambia iandikeni. Tukaandika. Kurasa tatu, na ukurasa mzima wa kwanza ni kuelezea kwamba umeme umekatika na wageni wana njaa. Akachukua peni akapiga mstari ukurasa wote, akasema anza na "ndafu imegoma", wageni wenye njaa tutawaona kwenye macho ya mjomba. Alafu akatuuliza kila mtu kwenye sini anataka nini, tukagundua bibi harusi hana anachotaka, yupo yupo tu, ndo maana kila akiongea inapoa. Tukampa, anataka kuvua viatu. Ghafla kila sentensi yake ikawa na uzito. Hapo hapo saa saba na nusu ikagonga, kuna watu wa kikao cha kamati ya harusi ya kweli wamesimama mlangoni wanataka ukumbi.

Kama kweli mnataka mtu aishi kwa hii kazi, na ticha mwenyewe ametuambia ada ya watoto inatoka wapi, kuandika kupewe angalau jumamosi tatu. Mambo ya mikataba nayo hayakuguswa kabisa, kujisajili BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), kuuza skripti, nani anabaki na haki ya kipande ambacho mmekitunga wanne jukwaani bila karatasi. Hilo la mwisho niliuliza, ticha akacheka akasema ndo kesi za vikundi vyote hizo, tukaishia hapo.

La pili ni ukumbi. Umepita viwanja vya Nanenane unaingia ndani, boda kutoka mjini inakubali bila shida, ila bati halina dari, mvua ya masika ikianza mnaigiza kwa ishara wote mnakuwa Mjerumani. Na baridi. Viti vya plastiki vingine vina mguu mmoja mwoga, kuna dada alianguka katikati ya sini na watu wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya igizo. Muda nao ndo hivyo, saa nne ya bango ni saa nne na nusu ya kweli. Maandazi hayana lawama.

Shoo ya mwisho ilijaa kiasi, ndugu na marafiki wengi, na kusema kweli nusu ya sini zilianguka. Hili wala silihesabu kama kosa. Watu wamezoea zile clip za Whose Line Is It Anyway, kile kipindi cha Waingereza kilichoanzia redio ya BBC 1988 kikaenda TV, na baadae Wamarekani wakafanya cha kwao, wanadhani kila sini inachekesha mwanzo mwisho, kumbe wale wanarekodi ndeeefu alafu wanakuonyesha zilizoiva tu. Jukwaani mubashara unakula na mbichi. Ile ya bosi na shikamoo waliirudia kwa kupanga, ikapoa, maana kijana alishajua kwamba atasema shikamoo na ukiwa makini ulimwona anaisubiri. Ila dada wa duka la simu akapewa neno "benki" akafanya mteja anayekuja kuaga hela yake inayokwenda kulipa mkopo, anaishikia mkono dirishani, anaiambia ukifika huko unisalimie wenzako. Watu walilia kwa kucheka na mzee mmoja pembeni yangu alikuwa anasema "maskini, maskini" kama msibani.

Kwa hiyo nani aende? MC aende kesho, huyo laki na ishirini inarudi harusi moja. Mwongoza watalii aende, hasa intake ikiangukia miezi ya mvua. Mwalimu, mtu wa mapokezi, mtu anayeuza kitu chochote kwa mdomo, nendeni. Kijana ambaye amemaliza chuo anataka awe Joti wa kesho na ameuza simu ili alipe ada, huyo namshauri atulie kwanza, aende kuangalia shoo ya mwisho ya intake inayofuata kwa elfu kumi, na kama bado anawaka aulize na habari za chuo cha sanaa TaSUBa kule Bagamoyo ambako sanaa za maonyesho zinasomewa kwa muda unaoeleweka na unatoka na cheti.

Mimi nawapa nyota nne kati ya tano, hiyo moja wameila wao kwenye kuandika. Intake nyingine nimesikia ni baada ya Nanenane. Ukienda kulipia waulize kwa mdomo kama jumamosi za kuandika zimeongezwa, wakikwambia "tutaangalia" ujue ni ile ile moja, alafu wahi kiti cha mstari wa mbele upande wa kushoto, vile havijavunjika.